Vituo vya kuchaji magari: Fedha zilikuwapo, umeme ukachelewa

NOVEMBA 15, 2021 aliyekuwa Rais wa Marekani, Joe Biden, alitia saini sheria ya miundombinu iliyotenga dola bilioni 7.5 kwa ajili ya vituo vya kuchaji magari yanayotumia umeme. Kati ya fedha hizo, dola bilioni 5 zilikuwa za kugawiwa majimbo kwa miaka mitano ili yajenge vituo kando ya barabara kuu. Lengo la serikali yake lilikuwa nchi hiyo iwe na chaja 500,000 za umma ifikapo mwaka 2030.

Kituo cha kwanza kilichojengwa kwa fedha hizo za majimbo kilifunguliwa Desemba 2023, miaka miwili na ushei baadaye. Kipo karibu na mji mdogo uitwao London katika jimbo la Ohio, kwenye kituo cha mafuta na mapumziko ya madereva cha kampuni ya Pilot. Hadi kufikia Machi 2024, vituo vilivyokuwa vikifanya kazi chini ya mpango huo vilikuwa saba tu katika majimbo manne, vikiwa na nafasi za kuchajia magari 38 kwa jumla.

Waswahili husema mipango si matumizi. Marekani haikukosa fedha wala magari. Ilichelewa katika mambo mawili ambayo mfanyabiashara yeyote wa Afrika Mashariki anayesubiri kuunganishiwa umeme anayafahamu vizuri: karatasi na transfoma.

Mlolongo wa karatasi

Baada ya sheria kusainiwa, kila jimbo lilitakiwa kuandika mpango wake. Mipango yote ilikubaliwa Septemba 2022. Masharti ya kitaalamu yakatolewa Februari 2023. Kila kituo kilitakiwa kuwa na chaja zisizopungua nne, zenye uwezo wa kutoa kilowati 150 kila moja kwa wakati mmoja. Vituo vilitakiwa visipishane kwa zaidi ya maili 50 (kilomita 80), na kila kimoja kisiwe zaidi ya maili moja kutoka barabara kuu. Aidha, chaja zilitakiwa zifanye kazi kwa asilimia 97 ya muda wote wa mwaka.

Masharti hayo yalikuwa na maana, kwani dereva anayefika na betri iliyokwisha na kukuta chaja mbovu hawezi kubeba umeme kwenye dumu. Hata hivyo, yaliongeza kazi. Idara za barabara za majimbo zilizozoea kutoa zabuni za lami na madaraja zililazimika kujifunza biashara mpya ya kuuza umeme. Kulikuwa pia na sharti la kutumia chaja zinazotengenezwa Marekani, hivyo viwanda vikahitaji muda wa kujipanga.

Wakati huo huo, kampuni binafsi ziliendelea kujenga. Tesla, ambayo ilifungua vituo vyake vya kwanza vya kuchaji haraka mwaka 2012, ilikuwa tayari na maelfu ya chaja nchini humo. Ilitumia mchoro ule ule na vifaa vile vile kila mahali, na haikusubiri zabuni ya jimbo. Hiyo yaonyesha kuwa teknolojia haikuwa kikwazo.

Sawa na mashine 40 za kusaga

Jambo la pili ni umeme wenyewe. Chaja nne za kilowati 150 zikifanya kazi pamoja zinavuta kilowati 600. Hiyo ni sawa na mota 40 za mashine za kusaga nafaka, kila moja ya kilowati 15, zikizunguka kwa wakati mmoja. Mzigo huo hauwezi kuchukuliwa kwenye waya unaolisha duka au nyumba ya jirani. Kituo kinahitaji transfoma yake, itakayopokea umeme wa msongo wa kati.

Kwa hiyo shirika la umeme lazima lipime kwanza kama njia iliyopo inahimili mzigo huo. Kisha huja makadirio ya gharama, malipo, uchimbaji wa mitaro, ufungaji wa transfoma, mita na ukaguzi. Baada ya janga la Uviko-19, transfoma ziliadimika na mahali pengi nchini Marekani oda iliyokuwa ikichukua miezi ikafikia mwaka au zaidi. Ndiyo maana chaja zinaweza kusimama zimefunikwa huku mwenye eneo akiwa ameshatumia mtaji wake. Hasara huwa kubwa zaidi kwa mkopaji, kwa kuwa riba haisubiri transfoma.

Siasa nazo zikaingia

Ucheleweshaji huo ulikuja kuwa na gharama nyingine. Februari 2025 serikali ya Rais Donald Trump ilisimamisha mipango ya majimbo iliyokwisha kukubaliwa. Majimbo kadhaa yalikwenda mahakamani, na Juni 2025 jaji wa mahakama ya shirikisho mjini Seattle aliamuru fedha ziachiwe kwa majimbo 14. Agosti mwaka huo serikali ilitoa mwongozo mpya wenye masharti machache zaidi. Majimbo yaliyokwisha kusaini mikataba na wakandarasi yaliendelea kujenga; yaliyokuwa bado kwenye makaratasi ndiyo yaliyoumia. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Somo kwa Afrika Mashariki

Rwanda mwaka 2021 iliamua kusamehe kodi kadhaa za magari ya umeme na kutoa ardhi ya serikali bila malipo kwa ajili ya vituo vya kuchaji. Kenya mwaka 2023 iliweka bei maalumu ya umeme wa magari: shilingi 16 kwa uniti na shilingi 8 usiku wakati matumizi yanapokuwa madogo, kabla ya kodi na tozo nyingine. Nchini Tanzania, bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 lilianza kuzalisha umeme mwaka 2024.

Pamoja na hatua hizo, umeme unaozalishwa bwawani haumfikii mteja bila njia na transfoma ya kutosha eneo lake. Hilo ni kweli kwa kituo cha kuchaji, kwa mashine ya kukoboa mpunga na kwa chumba cha baridi cha kuhifadhi maziwa au mboga.

Pikipiki zimeonyesha njia nyepesi zaidi. Kampuni ya Ampersand, iliyoanzia Kigali, hubadilisha betri badala ya kumfanya dereva asubiri kuchaji. Betri ndogo huchajiwa taratibu, hivyo kituo chake hakihitaji umeme mwingi kwa mkupuo kama kile cha Ohio.

Anayetaka kujenga kituo cha magari, basi, aulize mambo matatu kabla ya kununua chaja: njia ya msongo wa kati iko umbali gani, transfoma iliyopo imebakiza uwezo kiasi gani, na nani atalipia nyongeza. Majibu ayapate kwa maandishi. Chaja huweza kuagizwa na kufika kwa meli wakati transfoma bado haijapangiwa fundi, kwa hiyo safari ya kwanza iwe ofisi ya umeme, ya benki ifuate.