Lami Haihesabu Miaka

Sogeeni huku, wajukuu, mkae mbali na barabara. Hapa Kangeta, miraa ikishafungwa kwa majani ya migomba, gari huondoka kama lililoiba, maana miraa iliyonyauka haina mnunuzi. Nanyi mkiona Probox, magari hayo madogo, zikipita hivyo mnasema, "Hizi ndizo zinazotumalizia lami!"

La. Hizo za kuogopwa na nyinyi, si na barabara.

Kati ya 1958 na 1960, huko Ottawa, jimbo la Illinois, Marekani, malori yalizungushwa juu ya barabara za majaribio ili zivunjike. Wahandisi wakaona jambo la ajabu: uzito wa ekseli ukiongezeka mara mbili, madhara huongezeka kama mara 16. Mbili kwa mbili, kwa mbili, kwa mbili. Haya, chukueni ekseli ya lori la mchanga yenye tani 8, na ya gari dogo yenye tani 1. Zidisheni nane hivyo hivyo: 4,096! Ekseli moja ya lile lori inaumiza lami kuliko elfu nne za gari dogo.

Basi umri wa lami ni ekseli, si miaka. Tuseme barabara ilijengwa ibebe ekseli nzito 1,000,000, na 600,000 zimeshapita. Zikipita 50,000 kila mwaka, imebakiwa na miaka minane. Malori yakizidishiwa mzigo, punguzeni.

Ila nani aliyekaa akazihesabu zilizopita? Hapo ndipo barabara yenyewe huulizwa. Mmarekani A. C. Benkelman alibuni boriti nyembamba ambayo ncha yake huingizwa katikati ya magurudumu pacha ya nyuma ya lori lililojaa. Lori likiondoka polepole, lami iliyobonyea huinuka, na kipimo husoma imeinuka sehemu ngapi za milimita. Ni kama godoro: likibonyea sana, ndani limechoka, hata shuka iwe mpya.

Wala msidhani elimu hii yote ni ya ng'ambo. Kati ya 1971 na 1974 watafiti wa Uingereza na Benki ya Dunia walipima jinsi barabara za Kenya hii hii zinavyochakaa, na hesabu zao zikasaidia nchi nyingine kukadiria uhai wa barabara zao.

Anayevuruga hesabu zote ni maji, na milima ya Nyambene haina ubahili wa mvua. Nyufa zikishaungana kama ngozi ya mamba, maji hushuka, udongo wetu mwekundu hulainika kama uji, na ile miaka minane msiitegemee tena.

Mnauona mtaro ule? Umezibwa na majani ya migomba, yale yale ya kufungia miraa. Kesho asubuhi njooni na majembe.