Mafuriko si dharura kila mwaka

Kila masika mjadala ni ule ule: kaunti inasema haina pesa, wakazi wanaambiwa wahame. Hebu tuangalie sheria. Jedwali la Nne la Katiba linaipa kaunti kazi ya kuzima moto na kudhibiti majanga. Inaweza pia kuunda hazina ya dharura, lakini Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka hitaji liwe la haraka na lisilotarajiwa. Sasa mvua ya Machi hadi Mei haikutarajiwa aje? Kuzibua mitaro ni ya bajeti ya kawaida. Na makadirio hufikishwa bunge la kaunti kufikia Aprili 30, watu wakiwa bado wanachota maji sebuleni. Kwenye vikao vya maoni mimi huuliza tu: mtaro wetu uko ukurasa gani?