Upasuaji wa Kupunguza Uzito: Nini Hubadilika Tumboni?

Upasuaji wa kupunguza uzito, ambao zamani Mtanzania alilazimika kuufuata ng'ambo, sasa unafanyika nchini, ikiwemo Hospitali ya Taifa Muhimbili, Mloganzila. Wapo wanaoudhani kuwa ni urembo wa wenye fedha. Kitabibu, hiyo ni tiba ya ugonjwa, na faida yake haiishii kwenye kiuno.

Mafuta yanayozunguka ini na utumbo hayakai bure. Hutoa kemikali zinazoifanya kinga ya mwili ibaki macho kana kwamba kuna jeraha lisilopona. Uvimbe huu wa ndani hauonekani wala hauumi, lakini huharibu mishipa ya damu na kudhoofisha kazi ya insulini. Ndiyo maana unene, kisukari na shinikizo la damu mara nyingi hufuatana.

Zipo njia mbili kuu za upasuaji. Ya kwanza huondoa zaidi ya theluthi mbili ya mfuko wa chakula na kubakiza mrija mwembamba. Ya pili hutengeneza kifuko kidogo na kukiunganisha na utumbo mwembamba, chakula kikaruka sehemu yake ya juu. Baada ya hapo homoni za njaa na shibe hubadilika, na aina za bakteria waishio utumboni hubadilika pia. Kadiri mafuta yanavyopungua, vipimo vya damu huonesha uvimbe wa ndani ukishuka. Kwa wagonjwa wengi wa kisukari, sukari hushuka mapema, hata kabla uzito haujapungua sana.

Hata hivyo, tiba hii ina masharti ya maisha yote. Utumbo hufyonza kwa shida madini ya chuma, kalisi na vitamini B12. Anayeacha vidonge alivyoandikiwa hujiweka katika hatari ya upungufu wa damu na ganzi ya miguu. Dawa za maumivu kama diklofenaki, zinazonunuliwa ovyo madukani, zinaweza kumsababishia vidonda vya tumbo. Mwanamke hushauriwa asibebe mimba kwa miezi 12 hadi 18.

Upasuaji si wa kila mwenye kitambi. Kwa kawaida hufikiriwa pale uzito wa kilo ukigawanywa kwa urefu wa mita mara mbili unapofika 35 au zaidi, au chini kidogo kwa mwenye kisukari. Kwa mfano, mtu wa mita 1.6 mwenye kilo 90 amefika 35.

Mwananchi anayehisi uzito umemzidi aanzie zahanati ya kijiji chake kupima uzito, urefu, sukari na shinikizo. Akihitaji zaidi, atapewa rufaa kwa ngazi, hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bariadi, na kwingineko. Asinunue dawa za "kukata tumbo" mnadani: hazijulikani zina nini, na zinamchelewesha mgonjwa.

Kwa walio wengi, kinga bado iko shambani na jikoni: choroko, dengu, mlenda na ugali wa mtama huwalisha bakteria wema wa utumbo, soda na sukari zikipunguzwa.