Tusingoje jino liume



Nataka kutoa maoni yangu kuhusu jambo ambalo wananchi wengi tunalipuuza, nalo ni kuoza kwa meno pale yanapogusana.

Wengi tunadhani jino bovu hujulikana kwa kuangaliwa tu. Kweli, tundu lililo juu ya gego daktari huliona kwa kioo chake kidogo. Lakini ubovu unaoanzia ubavuni ni vigumu kuonekana, maana magego yamebanana na mswaki haufiki. Vijidudu vilivyo hapo hugeuza sukari kuwa asidi, na asidi huyeyusha ganda la jino polepole. Ni kama punje ya hindi iliyoingiwa na dumuzi: kwa nje nzima, ndani unga.

Dawa ya kuufichua ubovu huo ni picha ya eksirei. Miale hiyo iligunduliwa na Profesa Wilhelm Röntgen wa Ujerumani mwaka 1895. Mwaka uliofuata Mjerumani mwenzake, daktari wa meno Otto Walkhoff, alijipiga picha ya meno kwa muda wa dakika 25. Siku hizi haichukui hata sekunde moja. Mgonjwa huuma kishikizo cha filamu, na magego ya juu na ya chini yakatokea pamoja. Sehemu nzima ya jino huonekana nyeupe. Iliyooza huonekana kama kivuli cheusi, kwani madini yake yamepungua na miale imepita.

Faida yake ni kubwa. Kivuli kikiwa bado katika ganda la nje na tundu halijatoboka, ubovu unaweza kusimamishwa kwa dawa ya meno yenye floraidi, kusafisha katikati ya meno kwa uzi, na kupunguza sukari. Kikiingia ndani zaidi, jino huzibwa. Kikifika kwenye kiini, ndipo tunapokesha kwa maumivu, na wengi wetu huishia kung'olewa.

Wapo wanaoiogopa miale hii. Kipimo cha picha ya jino ni kidogo sana. Hata hivyo si ya kupigwa ovyo. Daktari ndiye aamue nani anaihitaji na baada ya muda gani.

Sisi walimu tunaona hasara hii kwa watoto. Gego la kwanza la ukubwani huota mtoto akiwa na umri wa miaka sita hivi, nyuma ya meno ya utoto, bila jino lolote kung'oka. Mzazi hudhani ni la utoto, litaota jingine. Haliotí tena! Likingolewa, pengo hilo ni la maisha.

Kwa hiyo nawaomba wahusika wahakikishe kila hospitali ya wilaya ina mtambo wa eksirei ya meno unaofanya kazi, na mtu wa kuusoma. Daktari asiye nao atatibu zaidi wale wanaokuja wakilia. Nasi wazazi tuwapeleke watoto kabla ya maumivu, na tuulize kama jino laweza kuzibwa kabla ya kukubali koleo.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta hujengwa upya, jino halijengeki.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Singida.