Vipimo viko sawa lakini matumbawe yanakufa: Tatizo liko wapi?

Maji yanang'aa. Samaki wanakula vizuri. Vipimo vyote vinaleta namba zinazotakiwa. Lakini ndani ya tangi la kioo pale sebuleni, matumbawe yanadhoofika moja baada ya jingine, na mwenye tangi hajui kwa nini.

Kwa wanaofuga matumbawe nyumbani, jambo lililoenea Marekani, Ulaya na nchi za Ghuba, hakuna hali inayokatisha tamaa kama hii. Tumbawe moja linaweza kuwa limelelewa miaka mingi, na taa, pampu na chumvi yake si vitu vya bei rahisi. Wengi wakishaona hivyo hukimbilia kumwaga dawa, na hapo ndipo mambo huharibika zaidi.

Kabla ya dawa, kuna maswali sita ya kujibu.

1. Limepauka au linabanduka?

Tumbawe ni mnyama. Ndani ya nyama yake huishi mwani mdogo usioonekana kwa macho, ambao hutengeneza chakula kwa kutumia mwanga na kulipatia tumbawe rangi. Likizidiwa na joto au mwanga, hupoteza mwani huo na kubaki jeupe. Ndicho kilichotokea kwenye miamba ya pwani ya Kenya na Tanzania mwaka 1998, bahari ilipopata joto kupita kiasi.

Tumbawe lililopauka bado lina nyama, na linaweza kupona. Hapo mfugaji aangalie joto la maji, ambalo wengi huliweka kati ya nyuzi 24 na 26 za Selsiasi, tena kwa kipimajoto cha pili. Pia ajiulize kama amebadilisha taa karibuni.

Kama nyama inabanduka na mfupa mweupe unabaki mtupu, sehemu hiyo imekufa. Hapo uchunguzi uendelee haraka.

2. Je, kipimo chenyewe kinadanganya?

Hili husahaulika sana. Maji ya bahari yana chumvi sehemu 35 hivi kwa kila elfu. Kipimo cha plastiki chenye mshale unaoelea kikishikwa na kiputo cha hewa, husoma chumvi kuwa juu kuliko ilivyo. Mfugaji anaona 35, kumbe maji yake ni mepesi.

Hata refraktomita inaweza kupotoka. Kuisahihisha kwa maji matupu pekee hakutoshi. Itumie maji maalumu ya kusahihishia yenye chumvi 35 inayojulikana.

Vimiminika vya kupimia navyo huisha muda. Kabla ya kuamini namba, pima maji yaleyale kwa kifaa cha mtu mwingine.

3. Kuna madini yanayovuja?

Hebu angalia konokono na kamba wadogo waliomo tangini. Kama nao wanakufa huku samaki wako salama, shaba ni mshukiwa wa kwanza. Samaki wengi huvumilia kiasi cha shaba kinachoua wanyama wasio na uti wa mgongo.

Shaba inatoka wapi? Inaweza kutoka kwenye mabomba ya nyumba. Inaweza kutoka kwenye dawa za samaki, maana baadhi zina shaba ndani yake. Mawe na mchanga vilivyowahi kupitiwa na dawa hiyo huihifadhi na kuiachia polepole, hata baada ya muda mrefu.

Zima umeme, kisha kagua kila kitu kwa tochi: sumaku ya kusafishia kioo, mhimili wa pampu, hita iliyopasuka, skrubu iliyodondokea nyuma ya mawe. Ukiona kutu, kitoe kifaa hicho siku hiyohiyo.

Maji ya kuchanganyia chumvi yawe yamepita kwenye mtambo wa kuchuja, na kipimo cha vitu vilivyoyeyuka kisome 0. Vipimo vya kawaida vya nyumbani havioni madini mengi, ndiyo maana wafugaji hutuma sampuli maabara, ambako madini kadhaa hupimwa kwa mara moja.

4. Namba ni nzuri, lakini saa ngapi?

Matumbawe magumu hujenga mifupa yao kwa kalsiamu na kaboneti. Yanavyokua, ndivyo yanavyotumia zaidi. Kwa hiyo kiwango cha alkali, ambacho wafugaji wengi hukiweka kati ya 7 na 11 dKH, kinaweza kushuka na kupanda kila siku bila mtu kujua.

Anayepima mara moja kwa wiki anaona picha moja tu. Apime siku tano mfululizo, asubuhi na jioni, kisha aandike. Namba inayorukaruka huumiza matumbawe kuliko namba ya chini kidogo iliyotulia.

Na maji safi mno nayo ni tatizo. Nitrati na fosfati zikiwa 0 kabisa, matumbawe yanaweza kukosa lishe na kufifia.

5. Usiku kunatokea nini?

Saa chache baada ya taa kuzimwa, chungulia kwa tochi nyekundu. Kuna minyoo bapa inayokula matumbawe ya jamii ya Acropora, yenye rangi inayofanana nayo kiasi kwamba mchana huioni. Alama zake ni madoa meupe ya kuumwa na mayai ya kahawia kwenye sehemu tupu za matawi. Kuliosha tumbawe kwa dawa huondoa minyoo, lakini mayai hubaki. Yakwanguliwe, na zoezi lirudiwe.

Majirani pia hugombana. Baadhi ya matumbawe hunyoosha mikono mirefu usiku na kuwachoma wenzao. Mengine laini hutoa kemikali majini. Yatenganishe, na weka mkaa maalumu wa kuchujia.

6. Kipande kimoja kinasema nini?

Bado jibu halijapatikana? Kata kipande kilicho hai, kiweke kwenye tangi dogo lenye maji mapya ya chumvi, joto na mwanga uleule. Kikichangamka, tatizo liko kwenye maji ya tangi kubwa. Kikiendelea kubanduka, fikiria wadudu au ugonjwa. Hata kama tangi kubwa litashindikana, kipande hicho ni mbegu ya kuanzia upya.

Wakati wa kusubiri

Badilisha asilimia 10 hadi 20 ya maji, yenye chumvi na joto sawa na la tangi. Rekebisha jambo moja kwa wakati, kisha subiri siku kadhaa. Ukibadilisha taa, chumvi na dawa siku moja, matumbawe yakipona hutajua kilichoyaponya, na yakifa hutajua kilichoyaua.

Vaa glavu na miwani. Usichemshe kamwe mawe ya tangini: baadhi ya matumbawe laini ya jamii ya Zoanthus na Palythoa yana sumu kali, na mvuke wake unaweza kumlaza hospitali kila aliyemo ndani ya nyumba.