Gari Kuukuu Yenye Rangi Mpya

Mafundi wa magari wa hapa Ng'ambo ni hodari. Gari iliyolala miaka chini ya mwembe huirudisha barabarani. Tuseme leo unaiona gari ndogo ya Kizungu, milango miwili, haina paa, nyekundu, inameremeta. Imeandikwa INAUZWA. Ukiuliza bei unashtuka: ni kuukuu, lakini inapita bei ya gari ya juzi. Kwa nini?

Hiyo ni gari ya spoti. Iliundwa kwa mwendo na starehe, si kwa kubebea mihogo. Gari za namna hii zikiwa chache, matajiri huzigombania. Mwaka 1955 kampuni ya Mercedes-Benz iliunda gari mbili tu za aina moja ya 300 SLR zenye paa. Mwaka 2022 moja iliuzwa kwa euro 135,000,000.

Lakini si kila gari kuukuu ni adimu. Chukua MGB ya Uingereza. Iliundwa tangu 1962 hadi 1980, nazo zilipita 500,000. Basi muuzaji wa MGB akikwambia "hii huipati tena", msikilize tu.

Adui mkubwa ni kutu, na sisi tunaishi na upepo wa chumvi. MGB haina fremu ya chuma iliyo peke yake kama lori. Bodi yenyewe ndiyo nguvu yake, hasa ile sehemu ya chini ya milango. Pakioza hapo, gari yote hulegea katikati kama kitanda cha kamba. Fundi mwaminifu hukata chuma kilichooza na kuchomea kingine. Mjanja hujaza pati, akapiga msasa na kupaka rangi. Kwa macho zote mbili ni sawa!

Utajuaje? Chukua sumaku, hata ile ya spika ya redio mbovu. Ifunge kitambaa usichune rangi, kisha ipitishe chini ya milango. Kwenye chuma itanasa. Kwenye pati nene haitanasa. Halafu fungua mlango. Ukishuka, au ukikataa kufunga vizuri, inama utazame uvunguni.

Sasa kazi ya msomaji. Fungua boneti utafute kibati chenye namba ya gari. Weka kadi ya gari kando yake. Soma herufi moja moja, tarakimu moja moja, pole pole, hata muuzaji akiguna. Zikitofautiana hata moja, fedha zibaki mfukoni mpaka ofisi ya usajili iseme neno. Kama gari imetoka nje, dai pia karatasi za ushuru. Mtu asikwambie "tutaandikiana baadaye".

Muulize fundi habari ya valvu. Injini nyingi za zamani zilizoea petroli yenye risasi, na petroli hiyo iliondolewa katika nchi zetu kufikia mwanzo wa 2006. Injini ambayo viti vya valvu havikubadilishwa inaweza kuliwa taratibu, hasa ikiendeshwa kwa kasi.

Vipuri vya MGB bado vinaundwa Uingereza. Hata bodi nzima mpya zimeuzwa huko tangu 1988. Ila uchukuzi na ushuru ni juu yako, kwa hiyo uliza bei ya vipuri kabla ya kupatana bei ya gari.