Kukagua Namba za Zoni ya Afya: Utangulizi

Ukisikia neno ukaguzi, yawezekana unafikiria pesa na risiti. Sisi hapa tunakagua namba ambazo idara ya serikali hujipimia kazi yake: watoto wangapi wamechanjwa, akina mama wangapi wamejifungulia kituoni. Hivyo ndivyo vipimo vya utendaji, na swali letu ni kama vinaaminika. Ukijua kugawanya, unaweza kuanza leo.

Twende Kamituga, mji wa dhahabu katika Kivu Kusini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Zoni ya afya, yaani ngazi ya serikali inayosimamia vituo vya afya vya sehemu moja, hupokea ripoti kila mwezi. Muuguzi akichanja mtoto, huandika kwenye rejista na kutia alama kwenye fishi, karatasi ya kuhesabia. Mwisho wa mwezi alama hujumlishwa, ripoti hupelekwa ofisi ya zoni, huingizwa katika DHIS2, programu ya kompyuta inayokusanya takwimu za afya, kisha ngazi ya jimbo na ya taifa huzisoma. Kila hatua yaweza kuzaa kosa.

Mkaguzi huifuata njia hiyo kinyumenyume. Tuseme ripoti imetaja watoto 100, nawe ukahesabu 80 kwenye rejista: 80 kwa 100 ni 0.80. Huo ni uwiano wa uhakiki. Shirika la chanjo Gavi, lilipokuwa likizilipa nchi dola 20 kwa kila mtoto aliyeongezeka, lilitaka uwiano usishuke chini ya 0.80. Lilikuwa na sababu, maana namba inayolipiwa huvimba. Ndiyo maana katika mipango ya kulipa kwa matokeo, ambayo Kivu Kusini inaijua tangu miaka ya 2000, vyama vya wenyeji hutumwa majumbani kuuliza kama mgonjwa aliyeandikwa yupo kweli, na kama alitibiwa.

Rejista na ripoti zikikubaliana, usifunge daftari bado. Asilimia ya chanjo ni waliochanjwa wakigawanywa kwa watoto waliostahili kuchanjwa. Je, hao wa pili nani aliwahesabu? Sensa ya mwisho ya Kongo ilifanyika mwaka 1984. Yaliyofuata ni makadirio. Na Kamituga watu huingia na kutoka wakifuata dhahabu. Kituo kikitangaza asilimia 120, usimshuku muuguzi haraka: huenda aliandika kweli tupu, ila kigawanyo kimepitwa na wakati. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye kazi yenyewe, na ndipo wakaguzi wengi hupapita mbio.

Kuna mtego mwingine: ni nani hasa anayehesabiwa kuwa mgonjwa. Mwaka 2023 aina mpya ya virusi vya mpox ilijitokeza Kamituga, na Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura ya kimataifa. Mgonjwa anayeshukiwa ni yule mwenye dalili. Aliyethibitishwa ni yule ambaye maabara imekuta virusi kwake. Sampuli zisipofika maabara, waliothibitishwa hupungua hata ugonjwa ukiwa unaenea.

Basi anza na kituo kimoja na kipimo kimoja. Omba rejista kabla ya ripoti, kisha uliza idadi ya watu ilitoka wapi, na ni ya mwaka gani.